Senti Kumi ya Mfalme Mtoro

Bukoba, 8 Machi 1937

Ndugu Gharib bin Saleh, dukani Nkwenda,

Salaam kwako, kwa mkeo Bi Maua, na kwa mizani yako inayopunja. Acha kupima chumvi, kaa juu ya gunia usome, maana nina jambo linaloninyima usingizi kwa furaha.

Fungua kasha lako utafute senti kumi mpya, ile iliyoandikwa 1936. Utaitambua kwa kung'aa. Ina tundu katikati, taji juu ya tundu, na upande wa pili pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu kama mikono inayokumbatia kitu ambacho hakipo. Sasa soma jina la mfalme lililozungushwa pembeni. Ni la yule wa ng'ambo aliyekalia kiti chini ya mwaka mmoja, na mwezi wa Desemba akakiacha. Hakufa. Hakupinduliwa. Alitia sahihi karatasi akaondoka kwa miguu yake. Lakini senti zake zilikuwa zimekwisha gongwa na kupakiwa melini, na sasa zinatufikia huku zikimtangaza mfalme ambaye hayupo.

Nani alikaa mezani akaamua tubebe picha gani mifukoni? Kwenye shilingi wameweka simba mzima, mwenye manyoya shingoni na milima nyuma yake, simba huyo huyo anayekula ng'ombe wetu. Ndovu wamemweka pembe tu. Yaani anayetula amechorwa hai, na tunayewauzia wao amechorwa baada ya kuuawa. Kahawa inayolipa kodi ya Karagwe nzima haimo. Mgomba haumo. Mchoraji yule hajawahi kukanyaga huku, na ushahidi ni simba wake, amesimama kama mbwa anayengoja mfupa.

Kuna mhariri mmoja wa gazeti huko Dar es Salaam ameandika kwamba majina ya fedha hutoka serikalini, na mwananchi huyapokea kama anavyoipokea sarafu yenyewe. Nimecheka mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini. Serikali gani ilituambia senti hamsini tuiite sumni? Sumni ni sehemu ya nane, na ni sehemu ya nane ya kitu ambacho hakuna mtu wa Nkwenda aliyewahi kukiona. Hela, sarafu ya Mdachi, ilikufa pamoja na utawala wake, lakini mpaka leo aliyefilisika husema hana hela. Wao wana mtambo wa kugonga chuma. Sisi tuna mdomo, na mdomo ndio unaodumu.

Nataka nimshinde mhariri huyu kwa ushahidi. Senti hii nimeipa jina: Mtoro. Siku ya soko ukimrudishia mtu chenji, mwambie tu, "Chukua Mtoro wako." Usihubiri. Kisha uniandikie limefika wapi.

Ndugu yako,
Aristides Kahigi
(mwalimu, ingawa hawataki nifundishe)


Nkwenda, 2 Aprili 1937

Mwalimu Kahigi,

Salaam nyingi. Mizani yangu haipunji, ni macho yenu ninyi Wahaya yanayoongeza. Bi Maua anakusalimu na anauliza kama hii ndiyo kazi unayofanya tangu wakufukuze shule.

Jina lako limepata miguu. Wa kwanza alikuwa mama mmoja muuza karanga.

"Chukua Mtoro wako," nikamwambia.

"Mtoro nani?"

"Huyo hapo. Mfalme wake kaacha kiti kaenda zake."

"Kafukuzwa?"

"Kaondoka mwenyewe."

Akaigeuza ile senti, akaiweka jichoni, akachungulia kwenye tundu. "Kumbe katokea hapa," akasema.

Mwalimu, watu walicheka mpaka gunia la maharage likaanguka. Kuanzia dakika ile kazi yangu ilikwisha. Soko lililofuata aliingia kijana wa Bugomora ambaye sijawahi kumwona dukani kwangu, akasema, "Nipe chumvi ya Watoro wawili." Nikamuuliza Mtoro ndiyo nini. Akanitazama kwa huruma akanieleza mimi. Wanaonunua kahawa Nyabiyonza nao wanalitumia. Watoto wanaivingirisha senti mteremkoni na kuikimbiza, na anayeikamata anaitwa askari.

Wasiocheka ni wazee. Mmoja wa Bugomora aliniuliza, "Ngoma yake ya ufalme anaipiga nani sasa?" Nikamwambia ndugu yake. Akasema mfalme huiacha ngoma akiwa maiti. Anayeiacha akiwa hai hakutoroka kiti, katoroka watu. Akanirudishia senti mpya akaomba ya zamani. Nikampa. Sikuona kuwa ni neno kubwa.

Wako,
Gharib bin Saleh


Bukoba, 14 Aprili 1937

Gharib bwana,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikitembea. Kutoka mdomoni mwako mpaka Bugomora kwa masoko mawili tu, bila tangazo, bila tarishi wa serikali, bila mhuri. Mhariri wetu nimemwandikia kurasa kumi na moja, nikamwomba aeleze ni ofisi ipi ya serikali iliyotoa jina hili na saa ngapi. Namwona akikuna kichwa. Na huyo mama wa karanga aliyechungulia tunduni nimemtaja kuwa mchambuzi bora kuliko yeye.

Sasa pokea habari njema zaidi. Binti yangu Felicitas amejifungua salama huko Bugomora, nyumbani kwa mkwe wangu Mzee Kaijage. Mtoto ni wa kike. Mumewe, Yustus, yuko Mbarara kwenye kazi ya barabara na hata hajamwona bado.

Unaijua desturi ya nyumba ile. Siku mtoto anapotolewa nje, babu wa upande wa mama humtumia kitu cha kumfunga kiunoni. Zamani ilikuwa ensimbi, zile kauri za baharini zilizokuwa fedha kabla hatujaletewa fedha. Kauri zimeadimika, kwa hiyo watu hufunga senti yenye tundu. Mimi nimechagua senti kumi mpya kabisa, nikaisugua kwa majivu na limau mpaka ikawa kama jicho la samaki, nikaitungia uzi mwekundu, nikampa dereva wa lori la kahawa. Na nimeichagua kwa hoja. Sumni na shilingi zina kichwa cha mfalme, kimekatwa shingoni kama cha mbuzi. Senti kumi haina sura ya mtu. Mjukuu wangu hatazunguka na kichwa cha mtu wa ng'ambo kiunoni mwake.

Mwaka huu umeanza vizuri, Gharib. Niambie ukisikia lolote kutoka huko.

Aristides


Bugomora, 3 Mei 1937

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mtoto hajambo, ananyonya vizuri. Mimi ndiye sijui niseme nina hali gani.

Siku ya kumtoa mtoto wanawake walijaa uani, wakaimba vizuri sana. Mama mkwe, Ma Placidia, alimpakata mtoto, akafungua kifurushi chako mbele ya wote. Senti ilimeremeta kweli. Nilikuwa nimeanza kujivuna. Ndipo jirani yetu Deodatha akasogea akasema, "Huyo si Mtoro?"

Wimbo ulikatika hapo hapo. Ma Placidia aliigeuza ile senti mara moja, akachukua kisu cha kumenyea ndizi, akaukata uzi.

Baba, katika nyumba hii zawadi ya babu siku ile ni kauli. Aliyetuma kauri alikuwa anasema mtoto azae hapa. Aliyetuma kijembe alikuwa anasema mtoto alime hapa. Mzee Kaijage alikuja akasimama mlangoni akauliza, "Na anayetuma Mtoro anasema nini?" Wakajijibu wenyewe. Wanasema unaniita nitoroke nirudi kwako. Wanasema umengoja Yustus awe mbali ndipo ukatuma neno lako kwa mjukuu, kwa sababu uliona aibu kulisema mwenyewe.

Ukoo umekaa kikao. Wameamua kuwa anayeitwa na baba yake hazuiliwi. Sikukuu ya Petro na Paulo ikipita, watanisindikiza mpaka kwenye lori la Bukoba. Nitaondoka na mtoto mpaka aache ziwa, kisha watakuja kumchukua, kwa sababu ni wa kwao. Hawanitukani. Ma Placidia ananipikia uji kila asubuhi na hanitazami. Ningependa anitukane.

Mimi sitaki kurudi Bukoba, baba. Nampenda mume wangu na nimeizoea nyumba hii.

Nakuomba jambo moja tu. Usimwandikie Mzee Kaijage. Nakujua.

Binti yako,
Felicitas


Bukoba, 10 Mei 1937

Mkwe wangu mheshimiwa, Mzee Kaijage,

Shikamoo, na heshima zote zinazostahili umri wako na nyumba yako. Baada ya heshima hizo, niruhusu nikuelimishe.

Senti kumi ni chuma. Imegongwa na mtambo ng'ambo, na mtambo haujui habari za binti yangu. Mdachi naye alikuwa na hela zenye tundu, na sisi kabla yake tulitunga kauri kwenye uzi, kwa hiyo tundu lile ni jambo letu la zamani na halina mkosi wowote. Pembe za ndovu zimewekwa na mchoraji mvivu. Taji ni pambo. Mfalme ambaye jina lake limo ameondoka kwa sheria za nchi yake, ambazo nimezisoma, na kama ungependa ninaweza kukupelekea maelezo yake.

Ama hilo jina la Mtoro, ni upuuzi uliotungwa na wahuni wa sokoni wasio na kazi. Mtu mwenye ng'ombe na kahawa kama wewe hapaswi kuendesha nyumba kwa maneno ya wahuni. Mimi sikumwita binti yangu. Nikitaka kusema neno, husema; Bukoba nzima inalijua hilo, na wengine wamenifukuza kazi kwa sababu hiyo hiyo. Nilituma zawadi. Ikiwa wanaume wazima wa Bugomora wanaogopa kipande cha chuma chenye upana wa kifungo cha koti, basi nawahurumia siku watakapoona gari moshi.

Natumaini tumeelewana.

Mkweo,
Aristides Kahigi


Nkwenda, 22 Mei 1937

Mwalimu,

Kaa chini. Mara hii usisome ukiwa umesimama.

Barua yako ya Aprili ilinifikia baada ya lori kupita. Niliposoma kwamba umetuma senti kumi mpya kwa mtoto, Bi Maua aliniona nimeshika kichwa akadhani nimeibiwa. Wewe uliyenituma nilipaze jina lile sokoni, ndiye wewe uliyemfunga nalo mjukuu wako. Macho yako yalikuwa wapi?

Sasa sikia. Mzee Kaijage husoma katekisimu ya Kihaya tu. Kiswahili chako kilimshinda mstari wa pili, akaja nayo dukani kwangu nimsomee. Ilikuwa siku ya soko. Duka limejaa mpaka mlangoni, na kila mtu ameacha alichokuja kununua.

Nilisoma yasiyoandikwa, Allah anisamehe. Ulipoandika "niruhusu nikuelimishe," mimi nikasoma "niruhusu nikuombe." Ulipowahurumia kwa gari moshi, nikasoma "nauelewa uchungu wenu." Nilipofika kwenye wahuni wa sokoni niliruka, kwa sababu mhuni wa kwanza ni wewe na wa pili ni mimi.

Mzee akasema, "Barua nzuri. Sikumdhania mkwe wangu kuwa mpole hivi." Kisha akaniuliza, "Lakini wewe Gharib unasikia yote. Jina hili lilitoka kwa nani?"

Mwalimu, ungenijibia nini? Ukikiri kwamba jina ni lako, watasema ulijua maana yake ukalituma makusudi, na binti yako ataondoka hata kabla ya sikukuu. Usipokiri, jina linabaki pale pale. Nikasema sijui. Nimesema uongo mbele ya mizani yangu mwenyewe.

Akanunua sabuni. Alipokuwa anatoka akasema, "Mimi sina ugomvi na chuma. Jina ndilo limeingia nyumbani kwangu. Libadilike, tutazungumza."

Gharib


Bukoba, 29 Mei 1937

Gharib ndugu yangu,

Nimeona aibu kwa nusu saa, kisha nikaona njia. Mzee mwenyewe ametuonyesha. Kama ugomvi wake ni jina, basi jina tulibadilishe. Tuliliingiza moja kwa maneno matatu, kwa nini tushindwe la pili?

Yafuatayo ni mazuri, nimeyapima kwa kuyatamka barabarani: Taji. Pembe. Jicho. Mwezi Mpevu. Anza na Taji, lina heshima na halichoshi ulimi. Kila atakayepokea senti kumi na kusema Taji, mwongezee chumvi ya kijiko kimoja. Gharama juu yangu. Mtu yeyote akisema lile jina lingine, jifanye hukusikia.

Sikukuu ya Petro na Paulo ni tarehe ishirini na tisa Juni. Tunazo siku. Usilale.

Aristides


Nkwenda, 11 Juni 1937

Mwalimu,

Chumvi imekwisha na jina halijahama. Nakupa mfano mmoja utosheke. Kaja yule kijana wa Bugomora.

"Hii senti ni Taji," nikamwambia. "Sema Taji nikuongezee chumvi."

"Taji ndiyo nini?"

"Ndiyo jina lake."

"Jina lake Mtoro."

"Ukisema Taji unapata kijiko."

"Taji," akasema. Nikamwongezea. Akafunga chumvi yake vizuri, akageukia waliokuwa nyuma yake: "Jamani, ukimleta Mtoro kwa Gharib, unasema Taji, anakupa chumvi."

Wamepanga mstari kutwa, Mwalimu. Taji, Taji, Taji, kama wanafunzi wako. Wakitoka nje wanasema Gharib kachanganyikiwa kwa ajili ya Mtoro. Pembe nayo walinipokelea vivyo hivyo. Mwezi Mpevu hawakuweza hata kuimaliza kwa kicheko. Nimewahi kuona watu wakikataa bidhaa mbaya. Sijawahi kuona wakikataa jina kwa furaha kiasi hiki. La kwanza walilichukua kwa sababu liliwachekesha. Haya wanaona tumewanunulia.

Jana alikuja Felicitas, mtoto mgongoni, kununua sabuni. Nikamwonyesha orodha yako ya majina. Hakucheka wala hakulia. Akaisoma, akaikunja, akaniomba karatasi na kalamu. Barua yake nimeifunga pamoja na hii.

Gharib


Nkwenda, 10 Juni 1937

Baba,

Shikamoo. Naandika juu ya kaunta ya Mzee Gharib, kwa hiyo ni fupi.

Mzee Kaijage alipata barua yako. Kwa bahati Mzee Gharib ndiye aliyeisoma.

Nina swali. Huku kila mtu anajua kwamba mfalme yule alitoroka. Hakuna hata mmoja anayejua alitorokea wapi, na kwa nini. Wanaume wanasema labda alikuwa mwoga, labda mgonjwa, labda aliiba. Ma Placidia anasema mtu haachi kiti bila kuwa na mahali anapokwenda. Nimekaa na neno hilo siku nyingi.

Wewe unasoma magazeti yote. Alikwenda wapi, baba? Sitaki hoja. Nataka jibu.

Felicitas


Bukoba, 18 Juni 1937

Binti yangu,

Marahaba. Unaniuliza jambo lililojaza kurasa za magazeti tangu Desemba, na kila nilipolifikia nililiruka nikitafuta habari zenye uzito. Lakini umeomba jibu.

Aliacha kiti kwa ajili ya mwanamke. Wakubwa wa nchi yake walimwambia achague, ngoma au mwanamke huyo, vyote viwili haviwezekani. Mwanamke si wa ukoo wa kifalme, na alikwisha olewa mara mbili. Akachagua mwanamke. Gazeti lililoletwa na meli ya jana linasema wameoana tarehe tatu ya mwezi huu huu, katika nchi ya watu wengine, na ndugu zake hawakuhudhuria.

Basi, ni hayo. Mimi naona ni mambo ya udaku na sijui yatakufaa nini.

Na lingine. Lile jina nililitunga mimi, nikitaka kumshinda mhariri. Nilimshinda. Ningekuwa na uwezo ningeshindwa mara mia ili ukae kwako. Ukihitaji nije niseme hadharani, nitakuja na lori la kwanza.

Baba yako


Bugomora, 5 Julai 1937

Baba mpendwa,

Shikamoo. Usije. Niko nyumbani, na kaa usome taratibu, maana sijui nianzie wapi na mkono unakimbia kuliko kichwa.

Kwamba jina ni lako nilijua tangu siku ile. Nani mwingine?

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya sikukuu. Kesho yake wanawake wote wa karibu walikuja kwa Ma Placidia kumenya ndizi za sherehe. Wanaume walikuwa nyuma ya nyumba na rubisi, pombe yao ya ndizi. Mimi nilikuwa na kisu changu, mtoto amelala mgongoni, na nguo zangu zilikuwa zimekwisha fungwa ndani. Kila mtu aliyaona yale mafurushi akipita. Nikasema, bila kumtazama yeyote, "Nimejua alikokwenda yule Mtoro."

Deodatha akasema, "Wapi?"

"Kwa mke wake."

"Mke gani?"

"Walimwambia achague, ngoma au mwanamke. Akaacha ngoma."

Visu vilisimama, baba. Mmoja akauliza, "Na ng'ombe wake?" Nikasema na ng'ombe, na majumba, na watu wa kumpigia magoti. Akauliza, "Vyote?" Nikasema vyote.

Deodatha akasema, "Huyo mwanamke lazima alikuwa msichana mbichi."

"Alikwisha olewa mara mbili."

Unapaswa kujua kwamba Deodatha naye ameolewa mara mbili, na hakuna siku watu wa hapa hawamkumbushi. Aliweka ndizi chini. "Mara mbili," akasema. "Na mfalme akaacha ngoma." Akasimama, akakaa, akasimama tena. "Na wameoana kweli, au kamlaghai?" Nikamwambia wameoana mwezi huu, nimepata kwenye gazeti. Akapiga kigelegele peke yake, kisha wote wakampokea.

Ma Placidia hakupiga kigelegele. Alikuwa anamenya polepole. Mzee Kaijage alipita kwenda kuchukua kibuyu, akamwita.

"Kaijage, umesikia alikokwenda yule mfalme?"

"Nimesikia kelele tu."

"Aliacha ngoma kwa ajili ya mke. Wewe ungeiacha kwa ajili yangu?"

"Mimi sina ngoma, mama Yustus."

"Una shamba la kahawa."

Baba, wanawake zaidi ya ishirini walimtazama. Mzee alitazama kibuyu, akatazama mgomba, akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi walikuwa wamefungwa hapo hapo mbele yake. Tulicheka mpaka mtoto akaamka.

Siku ya soko nilishuka Nkwenda na Deodatha. Habari ilikuwa imetutangulia. Wanawake walikuwa wanakataa chenji ya sumni, wanataka senti kumi tano za 1936. Mzee Gharib akajisahau akamwambia mmoja, "Chukua Mtoro wako." Yule mama akamwambia, "Mtoro ni wa kwenu wanaume. Mimi nipe Mwenye Mke." Ndivyo wanavyoiita sasa, Mwenye Mke. Sijui nani alianza. Nimeuliza na kila mmoja ananitajia mwenzake. Wanaume bado wanasema Mtoro na wanawake wanasema Mwenye Mke, na senti ni ile ile, na kila mtu anaelewa. Nyabiyonza nasikia shangazi za bibi harusi mmoja wamemtaka bwana harusi aje nayo mkononi kabla hajapewa hata kahawa ya kutafuna ya kumkaribisha. Mzee Gharib anasema kasha lake limebaki bila hata moja, na anakulaumu.

Sikukuu ilipita. Asubuhi yake lori lilipiga honi barabarani, nami nikatoka na mafurushi yangu, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameniambia nisitoke. Mzee Kaijage alikuwa amesimama njiani. Akatazama lori, akasema, "Limejaa kahawa, hakuna nafasi." Lilikuwa na nafasi, baba. Niliona nusu ya turubai inapepea. Akachukua furushi kubwa akalirudisha ndani yeye mwenyewe, halafu akaenda zake shambani.

Jioni Ma Placidia alifungua fundo la kitambaa chake cha kichwani akatoa senti yako. Kumbe alikuwa nayo humo siku zote. Alikuwa amesokota uzi mpya kwa nyuzi za mgomba, mwembamba na mgumu. Akanipokonya mtoto, akamfunga kiunoni, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Aprili, akasema mtoto amenenepa.

Najua utataka kumwandikia mhariri. Usimwandikie kwamba jina hili nalo ni lako. Wala si langu. Likifika Bukoba lipokee kama watu wengine.

Ma Placidia yuko hapa karibu yangu na ameniambia niandike maneno yake bila kuyapamba. Anasema hivi: "Mkwe, zawadi yako tumeipokea sasa. Siku ile ilikuwa imefika tu."

Binti yako, wa Bugomora,
Felicitas